Makochi Yako Nje

0.

Mimi sikusema mtu amekufa. Nilisema makochi yako nje. Andikeni hivyo hivyo, msinitie maneno mdomoni.

(Mama Ndeshi, jirani wa ukuta mmoja na familia ya Malisa.)


1. TANGAZO

Shule ya Sekondari Mlangoni, Moshi.
Kwa wazazi na walezi wa wanafunzi wanane waliochaguliwa kwenda Norwei kwa muhula mmoja wa masomo.

Mnakumbushwa kuwa kibali kisicho na sahihi za wazazi wote wawili hakitapokelewa. Mwisho wa kupokea vibali ni Jumatatu, saa sita mchana. Nafasi ya mwanafunzi ambaye kibali chake hakijakamilika itapewa mwanafunzi wa akiba bila majadiliano.

Maandalizi ya wazazi yataongozwa na Mwalimu Namkunda Mzava. Kuhudhuria ni lazima.

(Chini yake, kwa kalamu nyekundu na mwandiko wa mtu asiyeomba ruhusa: Maandalizi ya watoto hayahitaji tangazo. Wao wako tayari tangu Januari.)


2.

Huyu Mwalimu Namkunda umjue mapema, maana ndiye tutakayekwenda naye mpaka mwisho. Mpare wa milimani, mwembamba, sauti yake inafika geti la shule bila kipaza. Amesindikiza watoto ng'ambo miaka mingi na hajapoteza hata soksi. Kauli yake ni moja: mtoto anahitaji sweta, anayehitaji kuandaliwa ni mzazi.

Siku ya kikao aliwaketisha wazazi kwenye madawati ya kidato cha kwanza, magoti yakagonga mbao, akawaambia hivyo ndivyo mtoto wenu atakavyojisikia huko wiki ya kwanza, zoeeni.

"Sheria ya simu," akasema. "Simu ikiita, usiidake. Iache iite mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, ndipo upokee. Ukiidaka, mtoto atajua ulikuwa umeikalia. Huko aliko ataanza kukuhurumia wewe badala ya kusoma."

Nyuma kabisa mkono ukainuka. Alikuwa Ndekirwa Malisa, muuza vifaa vya ujenzi, kofia yake ya sufu ya kijivu kichwani kama kawaida, iwe jua iwe mvua. Binti yake Aikande ndiye wa kwanza kwenye orodha ya waliochaguliwa.

"Na asipopiga?"

"Atapiga."

"Nimeuliza asipopiga."

Namkunda akacheka. "Mangi, Mchaga hata akiwa Norwei atapiga tu, ilimradi simu iwe inalipiwa na mwingine."

Darasa zima likaangua kicheko. Wapare na Wachaga ni watani, na utani ukitupwa hurudishwa. Ndekirwa alipaswa kurudisha kitu kuhusu Wapare wanaouza ng'ombe ili washinde kesi ya kuku. Hakurudisha. Alishusha mkono, akaangalia dirisha.

Namkunda aliliona hilo. Akaliweka mfukoni.


3. MAZOEZI YA WAZAZI (kama yalivyoandikwa ubaoni)

La kwanza: Pika chakula cha watu pungufu ya mmoja. Usimwage kinachobaki. Jifunze kipimo.

La pili: Kaa kwenye kiti chake. Ni kiti tu.

La tatu: UKIMYA. Ijumaa hadi Jumatatu watoto watalala bwenini. Simu zao zitakuwa kabatini kwangu. Mzazi hapigi. Mzazi hatumi salamu. Mzazi haji getini na kisingizio cha maandazi. (Mama Shayo, nakuangalia wewe.)

La nne:


4.

Ijumaa mchana, watoto walipokwisha kuingia bwenini, Namkunda alipita dukani kwa Malisa. Duka liko mbele, nyumba iko nyuma yake, na nyuma ya nyumba ni migomba ya urithi.

"Sahihi ya mama ninayo," akasema. "Yako?"

"Wino umeisha."

"Misumari unayo ya kila kipimo, wino umeisha."

"Mwalimu, leo utani hapana."

Akaingia stoo, akawa anahesabu mabati ambayo hayakuwa na haja ya kuhesabiwa. Mke wake Eliaichi akamvuta mwalimu pembeni, karibu na magunia ya saruji.

"Si kwamba hampendi mtoto," akanong'ona. "Anampenda mpaka inaudhi. Ni kaka yake. Alikuwa na kaka mkubwa, Aminieli, alikwenda Ugiriki kutafuta kazi ya meli, nami nilikuwa bado sijaolewa hapa, ila nilisikia kwamba"

Ndekirwa akatoka stoo.

"Chai iko tayari?" akauliza Eliaichi kwa sauti kubwa, kana kwamba si yeye anayepika.

Namkunda akaenda zake. Njia nzima alikuwa na hakika moja: mtu huyu atasaini. Hakujua atasainishwa na nini.


5.

Jumamosi asubuhi.

Eliaichi ni mwanamke ambaye akikosa usingizi husafisha. Alikuwa amepanga sala ya kumuombea mtoto safari njema, akawaza: nikiing'arisha sebule leo, huyu bwana ataona aibu kukataa. Kwa hiyo akatoa makochi yote nje, akayapanga ukutani yapigwe jua. Akatandika mkeka sebuleni apate pa kupumzikia. Akajifunga khanga mbili, moja kiunoni moja kichwani, akasugua sakafu kwa dawa kali mpaka macho yakamwiva.

Ndekirwa hakufungua duka. Alizima simu, mkono usije ukamsaliti akampigia mtoto. Akavuta kigoda mpaka mlangoni, akakaa, shavu kiganjani.

Haya. Makochi nje. Mkeka ndani. Duka limefungwa. Baba shavu mkononi, simu yake haipatikani. Mama macho mekundu. Binti haonekani tangu jana.

Wewe ungesemaje?


6. WASAP, KUNDI LA AKINA MAMA WA MTAA

— Makochi yako nje kwa Malisa.
— Jamani. Nani tena?
— Sijui. Simu ya baba haipatikani.
— Yule binti wa Norwei sijamwona tangu jana.
— Usiniambie.
— Sijasema kitu. Nimesema sijamwona.
— Turubai la usharika liko kwa nani?
— Kwangu. Naleta.
— Mimi nina mchele.
— Mimi nina sufuria kubwa na mwiko wake.
— Nyama nitapitia buchani.
— Bwana alitoa.


7.



(Hakuna aliyeuliza.)



8.

Kama wewe si mtu wa huku utashangaa, watu wazima na akili zao wanaonaje makochi nje, kama yanavyotolewa penye msiba, wakafunga turubai bila kujua nani kafa. Nikuambie. Msibani hufiki ukauliza. Unafika, unasalimia kwa sauti ya chini, unatafuta kisu, unakaa penye ndizi, unamenya. Baadaye unamnong'oneza aliye pembeni yako, naye anakuambia kile alichonong'onezwa. Habari inakukuta mikono tayari ina utomvu. Ni adabu, tena adabu nzuri, imewabeba wengi siku ambazo wasingeweza kujibu swali lolote. Siku hiyo tu ndiyo ilizidi.

Ndizi za mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, zikaonekana hazitoshi. Akina mama wawili wakachukua panga, wakaingia migombani nyuma ya nyumba, wakarudi na mkungu wa ndizi mshare uliokomaa vizuri. Kwenye msiba hilo nalo haliulizwi.

Eliaichi alipoona masufuria yanaingia, alidhani Ndekirwa amelainika, amewaalika watu kwa siri waje kumuaga mtoto. Akalia kwa furaha, na wenzake wakamkumbatia wakamwambia lia tu mama, usijizuie.

Ndekirwa alipoona turubai linafungwa, alidhani mke wake ameamua kumshinda kwa wingi wa watu. Akanuna pale pale kwenye kigoda.

"Pole, mangi."

"Ahsante."

"Jikaze."

"Najikaza."

"Mtoto alikuwa mzuri yule."

"Najua."

Maneno yote yakapita bila kugongana. Kwaya ikafika, ikaanza kuimba.


9.

Mwinjilisti Ombeni alifika baadaye na kitabu chake kwapani. Aliinama kwenye sikio la Ndekirwa, akauliza kwa sauti ile ile aliyowauliza wengi kabla yake:

"Baba Aikande, pole sana. Ili tupange ibada. Mwili wa binti utafika saa ngapi?"





Mwili.





10.

Namkunda alikuwa bwenini akiwaonyesha watoto wanane jinsi ya kuvaa soksi mbili mbili bila kubana vidole. Simu yake ikaita. Akaiacha iite mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, maana mwalimu asiyefuata sheria yake ni wa kazi gani.

"Mwalimu," ilikuwa sauti ya Eliaichi, na nyuma yake watu wanaimba. "Mtoto wangu yuko hai?"

"Yuko mbele yangu, ana soksi mguu mmoja, anakula karanga."

Eliaichi akavuta pumzi ndefu. Akaeleza: makochi, turubai, swali la mwinjilisti. Yeye alikuwa na simu ya kushika, akapiga. Ndekirwa hakungoja simu. Aliinuka kwenye kigoda, akapita katikati ya watu, akaingia migombani, na sasa anaitwa haitiki.

Namkunda hakuwa mtu wa kuogopa, lakini hapo aliogopa. Zoezi la ukimya lilikuwa lake mwenyewe, alilibuni, akalisifia, na sasa lilikuwa limemwingiza baba wa watu migombani peke yake na kifo kisichokuwepo. Hakukaa kulijadili. Akachukua funguo za pikapu ya shule.

"Aikande, vaa viatu. Kuna msiba kwenu."

"Wa nani, mwalimu?"

"Wako. Twende haraka."


11. AIKANDE ANASEMA

Nilimwona Mama Ndeshi kwanza. Alikuwa amebeba ungo wa mchele. Aliniangalia, akaniangalia tena, akakaa chini taratibu na ungo wake. Nikamwambia shikamoo. Hakuitikia.

Kwaya ilikuwa inaimba wimbo wenye jina langu ndani. Sauti ya tatu walikuwa wamekosea, na mimi ndiye niliyezoea kuimba sauti ya tatu. Kisha wakaniona, wakanyamaza mmoja mmoja, isipokuwa mzee wa besi, yeye huimba amefumba macho.

Nilitaka kucheka. Mama akanishika mkono kwa nguvu, nikaacha.

"Nenda kwa baba yako," akasema. "Kimbia."


12.

Mwalimu Namkunda yeye alisimama getini. Akatoa shilingi mia ya sarafu mfukoni, akaiangusha juu ya jiwe, ikalia.

"Hakuna aliyeinuka kuiokota," akasema. "Kweli hapa kuna msiba mkubwa wa Wachaga."

Ndipo watu wakapumua. Mmoja akacheka, wa pili akafuata, akina mama wakaanza kulia na kucheka pamoja, na Mama Ndeshi akasema kwa mara ya kwanza kati ya mara nyingi kwamba yeye alisema makochi tu. Namkunda akawaacha, akamfuata binti migombani.

Aliwakuta pembeni kabisa, karibu na ukuta. Ndekirwa alikuwa amemshika mtoto wake kichwa, kisha mabega, kisha mikono, kimoja baada ya kingine, kama anavyokagua mzigo uliofika dukani. Alipomaliza kumkagua, akageuka kuangalia shina la mgomba lililokatwa, bado linatoa maji.

"Nani kaukata huu?"

"Watakuwa akina mama," akasema Namkunda. "Ndizi hazikutosha."

"Huyu ni Aminieli."

Aikande akaangalia shina, akaangalia baba yake.

"Nilikuwa na umri kama wako," Ndekirwa akaendelea, na alikuwa anamwambia binti, si mwalimu. "Kaka aliandika barua mbili kutoka Ugiriki, halafu basi. Bibi yako alisubiri mpaka akachoka kusubiri. Wazee wakasema mtu hawezi kukaa hivyo, bila kaburi. Wakang'oa mgomba, wakauvika shati lake, tukauzika kama mtu. Mimi nilipewa nibebe upande wa kichwa. Ulikuwa mzito. Ulikuwa umejaa maji, ulinilowesha bega lote hili. Waliuzika juujuu pamoja na tunguu lake la mizizi, ukachipua. Tangu siku hiyo hatujawahi kukata mkungu hapa. Ndizi zinaiva, zinaliwa na ndege."

Mbele ya nyumba mtu alikuwa anapanga sahani.

"Leo nimeulizwa mwili utafika saa ngapi, na bega hili likalowa tena. Nimejishika. Kavu. Lakini nimelisikia limelowa."

Mwalimu mwingine hapo angetoa hotuba. Namkunda alinyoosha mkono, akamvua Ndekirwa kofia, akaitia kwapani mwake.

"Mwalimu."

"Mimi ni mtani wako, na mtani msibani ana haki ya kuchukua kitu mpaka kikombolewe. Nimechukua. Haikombolewi kwa hela."

"Unataka nini, kuku?"

"Ukinipa mdogo nitakupeleka mahakamani."

"Najua," akasema Ndekirwa. "Na utauza ng'ombe kulipa wakili."

Hilo ndilo jibu ambalo Namkunda alikuwa akilingoja tangu siku ya kikao. Akajua mtu amerudi.

"Nataka umwambie huyu binti kinachokuzuia kusaini. Neno lenyewe. Mpaka sasa umemweleza habari ya mgomba."

Ndekirwa akajipangusa uso kwa kiganja. Bila kofia alionekana mdogo, kipara kikimeta kwa jasho.

"Naogopa," akasema. "Naogopa utakwenda, utanyamaza, na mimi nitabeba tena."

"Na mimi naogopa, baba," akasema Aikande. "Usiku naogopa zaidi. Ila nataka kwenda. Nataka sana."

Hakumwahidi chochote. Namkunda alipenda hilo, maana watoto wengi huahidi ovyo. Baba naye hakusema ndiyo. Alimshika mtoto mkono, wakarudi mbele ya nyumba, mwalimu nyuma yao na kofia kwapani.


13. YALIYOSIKIKA CHINI YA TURUBAI

— Sasa vyakula hivi tutavifanyaje?
— Chakula cha msiba hakirudi kilikotoka. Unataka msiba ukifuate nyumbani kwako?
— Si hakuna msiba.
— Tulikuja nacho kwa msiba. Kitaliwa.
— Mwinjilisti, ombea chakula.
— Niombe ya msiba au ya safari?
— Omba tu, baba, Mungu atachambua.


14.

Bakuli la kwanza la mtori hupewa mwenye nyumba. Ndekirwa alilipokea kwa mikono miwili. Alijua ndizi hizo ni za Aminieli, na Namkunda alijua kwamba anajua, na hao wawili na Aikande ndio pekee waliojua. Mama aliyepakua alikuwa amesimama anangoja kusifiwa.

Alichovya kijiko. Akakishika hewani muda ambao mtori ungeweza kupoa.

Aikande alikuwa amekwishaanza kula, ana njaa ya bwenini.

"Baba," akasema, mdomo umejaa, "ni tamu hizi."

Kijiko kikaenda mdomoni. Ndekirwa akatafuna ingawa mtori hautafunwi. Machozi yakamtoka wazi mbele ya mtaa mzima, na mtaa mzima ukaangalia masufuria. Akala kijiko cha pili. Akala cha tatu. Akalifuta bakuli kwa kidole kama mtoto, akalinyoosha mbele.

"Ongeza."


15. KUMBUKUMBU YA OFISI

Jumatatu. Kibali cha mwanafunzi Aikande N. Malisa kimepokelewa kikiwa kamili, sahihi zote mbili. Mzazi wa kiume alifika kabla ya ofisi kufunguliwa, akiwa kichwa wazi. Alipoulizwa na karani sababu ya kuchelewa kusaini, alijibu: "Tulikuwa na msiba."

Karani alimpa pole.


16. WASAP, KUNDI LA AKINA MAMA WA MTAA

— Makochi yamerudi ndani.
— Mama Ndeshi, ahsante. Tunaomba upumzike.


17.

La nne: (Namkunda aliliandika ubaoni baada ya yote, darasa likiwa tupu.) Mwambie unachoogopa kabla hajafunga begi. Kikibaki kwako kitaoza, kikibaki kwake atakivua na koti.

Akalisoma. Akafuta sentensi ya pili, ilikuwa na maringo. Ya kwanza akaiacha.


18.

Watoto wameondoka. Mwalimu Namkunda amekuja kwa Malisa jioni kurudisha kofia, sasa imekombolewa, na kunywa chai ya fidia. Ndekirwa ameivaa hapo hapo, akalalamika kwamba inanuka Upare. Eliaichi amekaanga vitumbua vya watu watatu. Havikubaki, havikupungua.

Simu iko katikati ya meza. Ndege ilipaswa kuwa imetua. Hakuna anayeiangalia. Wanazungumza bei ya mabati, kwa bidii, watu watatu ambao wawili wao hawajali mabati.

Nje, pembeni kwa ukuta, lile shina limetoa chipukizi jipya. Eliaichi ameuliza likuzwe au ling'olewe. Ndekirwa amesema likuzwe, na mkungu ukikomaa ukatwe kama mikungu mingine.

Simu inaita.

Namba ndefu, ya ugenini, inaanza na alama ya kujumlisha. Mkono wa Eliaichi unaruka. Wa Ndekirwa unatua juu yake, unautuliza mezani. Kwa mkono wake mwingine anajigusa bega, la kulia, bila kujua kwamba anajigusa.

Kavu.

Mara moja.

"Bado," anasema, na anatabasamu, na Namkunda anaweka kikombe chini.

Mara ya pili.

"Bado."

Mara ya